Kutoa rangi ya spreyi kwenye spea za gari: msasa, grinda, dawa, kostiki au mchanga?

Fenda ya mtumba iliyopakwa spreyi ya kopo, sport rim zilizopigwa nyeusi na mwenye gari aliyepita, grili iliyobabuka kwa jua la pwani. Vitu vya namna hii vinaletwa gereji za Ngamiani, hapa Tanga, kila wiki, na mwenye navyo anataka vipigwe rangi upya. Watu wengi hukwama kwenye swali moja: rangi ya zamani itolewe vipi? Fundi wa kwanza atakwambia msasa unatosha, wa pili atachomeka grinda, wa tatu atakuelekeza kwa anayepuliza mchanga. Wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja ana spea yake kichwani.

Msimamo wangu niuseme mapema. Njia ichaguliwe kwa kuangalia kilicho chini ya rangi. Na kwa mji wetu wa Tanga, iangaliwe pia chuma kitakaa uchi kwa saa ngapi kabla ya kupata prayma (rangi ya kwanza ya kushikia). Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na chuma kilichosafishwa vizuri asubuhi kinaweza kuamka kesho yake kikiwa na kutu ya rangi ya chungwa. Kutu hiyo ikifunikwa na rangi, inaendelea kula chini kwa chini.

## Pima kwanza

Anza na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma. Isiponasa kabisa, una alumini au plastiki. Ikinasa vizuri pembeni lakini katikati inateleza, hapo kuna puti nene (kijazio cha mabonyeo), na fenda hiyo imewahi kugongwa. Land Rover za zamani nyingi zina bodi ya alumini, kwa hiyo usiamini macho peke yake. Spea ya plastiki igeuze utazame nyuma. Kiwandani huwa wanaipiga chapa ya herufi: PP ndiyo plastiki ya bampa nyingi, ABS ndiyo ya grili na vifuniko vingi vya vioo vya pembeni. Herufi hizo zitaamua dawa gani iguse spea na ipi isiguse.

Kipimo cha pili ni thina. Chovya kitambaa cheupe, kiweke juu ya rangi mahali pasipoonekana kwa dakika moja hivi, kisha sugua. Kitambaa kikibeba rangi na uso ukawa unanata, hiyo ni spreyi ya kopo ya kawaida au rangi nyingine iliyokauka bila hadina (dawa inayochanganywa na rangi ili ikauke ngumu). Kitambaa kikitoka safi, una rangi iliyochanganywa na hadina, ya kiwandani, au ya unga iliyookwa kwenye joto kama zilivyo rimu nyingi. Kwa plastiki ya ABS kipimo hiki kifanywe upande wa nyuma, tena kwa tone dogo, maana thina inaiyeyusha plastiki yenyewe.

Kipimo cha tatu watu wanakiruka, na ndicho kinachookoa kazi nyingi. Chukua wembe mpya, chora mistari michache iliyokatana kama wavu, bandika masking tepu juu yake, ibonyeze kwa kidole, halafu ivute kwa mkupuo. Vipande vya rangi vikiondoka na tepu, rangi hiyo haina mshiko na lazima itoke. Vikibaki, rangi ina mshiko, na huenda huna haja ya kuitoa yote. Kinachobaki kuogopwa ni kupaka rangi yenye thina kali juu ya spreyi ya kopo: ya chini inalainika, inavimba na kukunjamana mbele ya macho yako.

Mwisho, tambua tabaka la prayma ya kiwandani. Ni jembamba, gumu, kwa kawaida la kijivu au jeusi, limekaa hadi kwenye mikunjo na pembe kwa sababu bodi ilizamishwa yote kwenye beseni na umeme ukapitishwa. Hakuna fundi wa mtaani atakayekurudishia tabaka hilo. Likiwa zima, liache.

Baada ya hapo kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: panapofaa, kinachobaki juu ya spea, hatari yake, na gharama pamoja na mtu anayefaa kuitumia.

## Msasa wa mkono

Panapofaa. Karibu kila mahali: chuma, alumini, plastiki zote, puti. Ndiyo njia inayokuruhusu zaidi kusimama kwenye tabaka unalotaka. Unaona spreyi ya juu ikiisha, rangi ya kiwandani inatokea, kisha kijivu cha prayma, na unaacha hapo. Rangi ikiwa nene anza na namba 80 (namba ndogo ndiyo yenye punje kubwa), nenda 120, malizia na 180 au 240 kabla ya prayma. Ikiwa ni spreyi moja nyembamba, anza na 180 moja kwa moja, kwa sababu mikwaruzo ya 80 inahitaji kazi nyingine kuifuta. Funga msasa kwenye kipande cha mbao au mpira. Ukisugua kwa vidole, vitachimba mifereji ambayo huioni sasa ila utaiona siku ya klia (rangi ya mwisho, angavu ya kung'arisha), jua likiwa upande.

Kinachobaki. Uso wenye mikwaruzo midogo ambayo prayma inaipenda. Lakini osha kwa sabuni na futa kwa thina (isipokuwa plastiki ya ABS) kabla hujagusa msasa, hasa kama ni rimu. Dawa za kung'arishia matairi nyingi zina silikoni, na ukianza kusugua bila kuosha unaikandamiza ndani ya mikwaruzo. Rangi mpya ikifika hapo inakimbia na kuacha vitundu vya mviringo.

Hatari. Vumbi. Kusugua kwa maji kunalituliza, na kwa gari la miaka mingi ni muhimu zaidi, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi (madini ya lead, yenye sumu), na watoto wanaocheza jirani ndio wanaoumia kwanza. Maji yana masharti yake, lakini. Yasitumike juu ya puti, kwa kuwa puti inayanyonya na kuyatunza. Na ukishafika kwenye chuma kitupu, sugua kavu. Maji ya kisima chenye chumvi, vilivyo vingi karibu na bahari, yasiguse kabisa chuma kilicho uchi.

Gharama na anayefaa. Fedha kidogo, muda mwingi. Inamfaa mwenye spea moja au mbili, mwenye subira, na anayefanya kazi nyumbani ambako majirani wako karibu.

## Grinda na brashi ya waya

Panapofaa. Chuma kinene: chesisi, vishikio, rimu za chuma, bampa za chuma za Land Cruiser, keria. Diski laini ya msasa wa majani inakula rangi haraka, na brashi ya waya inaingia kwenye kutu iliyochimba.

Kwenye boneti, mlango na fenda naisihi mikono itulie. Bati la sehemu hizo kwenye gari za kisasa lina unene usiofika milimita 1. Grinda ikikaa mahali pamoja sekunde chache, bati linapata moto, linatanuka, na likipoa halirudi lilivyokuwa. Weka jicho usawa wa boneti iliyopitiwa hivyo, mwanga ukitokea dirishani, utaona mawimbi yanayotembea. Kuyafuta kunahitaji puti, na kilo ya puti si sifa kwa boneti.

Kinachobaki. Brashi ya waya inadanganya macho. Inaacha chuma kinachong'aa, kumbe imekilainisha, na mara nyingine joto limeyeyusha spreyi na kuipaka upya kama utando mwembamba. Ukimaliza nayo, lazima upitishe msasa wa 120 au 180 kwa mkono ili prayma ishike. Prayma ya kiwandani nayo inakuwa imekwenda na maji, pamoja na zinki kama bati lilikuwa nayo.

Hatari. Nyuzi za waya zinakatika na kuruka kwa kasi kubwa. Miwani ya kufunika macho pande zote ni lazima, na mikono mirefu isiyoninginia. Cheche na kopo la thina visikae chumba kimoja.

Gharama na anayefaa. Grinda ipo kwa kila fundi wa kuchomelea, kwa hiyo kazi inakwenda upesi na kwa bei ya kawaida. Inamfaa mwenye chuma kinene chenye kutu na fundi mwenye mkono mwepesi.

## Thina na rimuva

Haya ni mambo mawili yanayofanana kwa kuwa yote ni dawa, lakini nguvu zake ziko mbali.

Panapofaa. Thina inatosha kwa spreyi ya kopo iliyofeli kipimo cha kitambaa. Loweka vitambaa, vilaze juu ya spea ya chuma au alumini, funika kwa karatasi ya nailoni ili thina isipotee hewani, subiri, futa. Uzuri wake ni mkubwa: kama rangi ya kiwandani iko chini, thina mara nyingi inaondoa spreyi peke yake na kuiacha ya kiwandani mahali pake. Kwa sport rim iliyopigwa spreyi na mtu, ningeanza hapa kabla ya kufikiria kingine chochote.

Rimuva, dawa nzito ya kubabua rangi, ni ya rangi iliyokataa thina. Kwaruza uso kwanza kwa msasa wa 80 ili dawa ipate pa kuingia. Ipake nene kwa brashi, kwa upande mmoja, bila kurudia rudia. Fanya kazi kivulini, maana jua la saa 6 mchana linaikausha kabla haijala. Baada ya dakika 10 hadi 20 rangi inajikunja na kuinuka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hapo pitisha skrepa ya plastiki, na rudia palipobaki. Inakula na puti pia, kwa hiyo usishangae mbonyeo wa zamani ukijitokeza.

Plastiki ni habari nyingine. Rimuva isiguse bampa, grili wala taa. Thina inaiyeyusha ABS na kuitia ukungu taa ya plastiki. Kwa grili ya ABS yenye spreyi ya kopo, jaribu spiriti ya isopropili, au oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4, ambayo inalainisha rangi polepole. Isiwe DOT 5, hiyo ni ya silikoni na itakuharibia rangi mpya. Na oili ya breki ioshwe kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, mpaka maji yatandae juu ya plastiki bila kujikusanya.

Kinachobaki. Hakuna mikwaruzo wala bati kupinda. Lakini kuna mabaki, na hayo ndiyo adui. Rimuva iliyojificha kwenye mkunjo wa mlango au tundu la bolti itatoka miezi baadaye kama malengelenge chini ya klia. Osha kwa maji mengi na sabuni, puliza mikunjo kwa kompresa, kausha, futa kwa thina safi, kisha msasa mwepesi.

Hatari. Soma kopo. Likiandikwa methylene chloride au dichloromethane, hiyo ni kemikali ambayo mwili unaigeuza kuwa gesi ya kaboni monoksaidi ndani ya damu. Imewahi kuua watu waliokuwa wakiitumia ndani ya vyumba, na Marekani ilikataza mwaka 2019 rimuva zenye kemikali hiyo kuuzwa rejareja kwa watu wa kawaida. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unajaa chini, palepale unapochuchumaa. Fanya kazi nje, upepo ukitoka mgongoni. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata chembe. Glovu nyembamba za hospitali nazo zinaachia upesi, tafuta nene za kemikali. Vitambaa vya thina vianikwe vikauke nje mbali na moto, visirundikwe stoo.

Gharama na anayefaa. Thina ni rahisi na ipo kila duka la rangi. Rimuva ina bei, na inaisha haraka kwenye spea kubwa. Zinamfaa mwenye spea yenye michoro na mikunjo ambayo msasa haufiki, mwenye uwanja wa wazi, na asiyeona tabu kuosha mara mbili tatu.

## Kostiki soda

Panapofaa. Chuma tupu, basi. Vishikio, bolti kubwa, rimu za chuma, sehemu ndogo nyingi unazoweza kuzamisha kwa pamoja. Inapatikana kwa urahisi kwa sababu watengenezaji wa sabuni wanaitumia. Alumini isikaribie: kostiki inaila alumini na kutoa hewa ya haidrojeni inayowaka moto. Ndiyo maana sufuria zetu za jikoni hazifai kuchanganyia, zitatoboka. Tumia ndoo nene ya plastiki na uache spea zilowe usiku kucha au zaidi.

Kinachobaki. Chuma kisicho na rangi kabisa, ila chenye utelezi. Suuza mpaka utelezi uishe, kausha mara moja kwa upepo wa kompresa, pitisha msasa, prayma. Hapa kutu huanza kabla hujamaliza kunywa chai.

Hatari. Ni kubwa kuliko zote kwa ngozi na macho. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, yatachemka na kukurukia. Ikiingia jichoni, maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali hapohapo. Ndoo isiachwe uani penye watoto.

Gharama na anayefaa. Nafuu kwa kazi ya spea nyingi ndogo. Inamfaa fundi mwenye eneo lililofungwa. Kwa nyumba ya kupanga yenye familia kadhaa na bomba moja, siishauri.

## Kupuliza mchanga kwa kompresa

Panapofaa. Chesisi, rimu za chuma, springi za majani, fremu ya bajaji, chochote chenye pembe nyingi na kutu ya ndani. Kwa muda mfupi inafika ambako mkono hautafika. Sport rim za alumini zinawezekana kwa mchanga laini na msukumo mdogo wa hewa. Boneti na milango yapinda hapa kama kwenye grinda, pengine zaidi, kwa sababu kila punje ni nyundo ndogo.

Kinachobaki. Uso bora kuliko wote kwa prayma ya epoksi (ile ya kuchanganywa na hadina), wenye ukwaru sawa kila mahali. Ila uliza mchanga umetoka wapi. Mchanga wa ufukweni, wa Mwambani au Sahare, una chumvi, na chumvi inapigiliwa ndani ya chuma. Rangi itapendeza siku ya kuchukua gari, halafu vipele vya kutu vitaanza. Kazi nzuri hutumia mabaki ya kuyeyushia madini au punje za jiwe la ganeti. (Mkoa wetu una ganeti za vito kule bonde la Umba, ingawa hizo zina soko lao.)

Hatari. Mchanga wa kawaida una silika. Unapovunjika kwa kasi unatoa vumbi lisiloonekana ambalo linakaa kwenye mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usiopona. Uingereza imekataza mchanga wa silika kwa kazi ya kupuliza tangu mwaka 1950. Ukimkuta kijana anapuliza mchanga akiwa amefunga fulana usoni, hiyo si bei rahisi, kuna mtu anailipia kwa pumzi yake. Chagua mwenye kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira, na eneo lililozungushiwa.

Gharama na anayefaa. Ghali kwa spea moja, nafuu ukikusanya nyingi. Inamfaa anayefufua gari zima au mwenye chesisi iliyoliwa na chumvi.

## Kwa hali yako

Una bampa ya Toyota IST yenye spreyi ya kopo: msasa wa 240 hadi 320 kwa mkono, osha, kisha prayma ya plastiki palipofika kwenye plastiki tupu. Hakuna sababu ya dawa kali.

Una sport rim: sumaku kwanza, osha silikoni, jaribu thina. Ikigoma na rangi iliyopo ina mshiko, piga msasa wa 320 na upake juu yake. Ikigoma na inabanduka, rimuva nje ya nyumba. Kostiki sahau.

Una fenda au mlango wa mtumba: wembe na tepu. Ikishika, msasa mpaka prayma ya kiwandani na usivuke. Ikibanduka kote, rimuva, na grinda ibaki kwa madoa ya kutu pekee, kwa miguso mifupi huku ukilishika bati kwa kiganja kuona kama limepata moto.

Una chesisi au rimu za chuma za Hiace zilizoliwa kutu: mchanga ukipata mtu mwenye vifaa, la sivyo grinda na brashi, ikifuatiwa na msasa.

Una sehemu ndogo nyingi za chuma na uwanja usiofikiwa na watoto: kostiki.

Njia yoyote itakayokufikisha kwenye chuma kitupu, panga siku kwa kurudi nyuma: prayma ya epoksi iwe imepigwa kabla jua halijazama, kwa hiyo kutoa rangi kumalizike mchana, na mkono mtupu usiguse chuma katikati, jasho lina chumvi. Prayma za kopo nyingi zinapitisha unyevu, zisichukuliwe kama kinga ya wiki nzima. Wakati wa masika, kama gereji haina paa la maana na huna hakika ya kumaliza siku moja, toa rangi ya upande mmoja tu wa kazi, uupige prayma, ndipo uguse wa pili.